Amri, Sharti na Alama: Kutoka Hifadhidata za Tarakilishi hadi Daftari la Ardhi la Meru na Embu

Utangulizi

Methali nyingi za Kiswahili ni amri zilizofungwa kwa sharti. Mwana akililia wembe, mpe. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kila mojawapo ya semi hizi ina pande mbili. Upande wa kwanza huitazama hali ya mambo, na upande wa pili huamuru kitendo. Mwana asiyelilia wembe hapewi, na aliye miongoni mwa wenye macho mawili hana sababu ya kufumba lake. Wahenga walijua kwamba amri isiyo na sharti ni ya hatari, kwa kuwa hutekelezwa hata pale isipohitajika.

Muundo huu, ambao mwanafunzi wa sarufi huufahamu kwa jina la sentensi ya masharti, ndio uti wa mgongo wa kazi moja ya kisasa isiyozungumzwa sana katika madarasa ya Kiswahili. Kazi hiyo ni kuziamuru tarakilishi nyingi kwa pamoja zitengeneze na kutunza hifadhidata bila mtu kuketi mbele ya kila moja. Makala haya yanakusudia kuutazama muundo huo kwa jicho la lugha, kisha kuupeleka kwenye daftari lililogusa maisha ya watu wengi zaidi katika nchi ya Meru na Embu, yaani daftari la ardhi. Hoja inayoongoza makala ni moja. Ubora wa amri yenye sharti hutegemea swali linaloulizwa kabla yake, na swali jema ni lile linaloulizia kitu chenyewe, wala si alama ya kitu.

Kati ya "unda" na "pawe"

Zamani fundi wa mitambo aliandika amri moja moja, akangoja jibu, akaandika nyingine. Seva zilipoongezeka kutoka moja hadi kumi, kisha hadi mamia, njia hiyo ilishindwa. Ndipo zikazuka zana za kusimamia usanidi. Mwaka 1993 Mark Burgess, aliyekuwa Oslo, Norwe, alianzisha CFEngine. Mwaka 2005 Luke Kanies akatoa Puppet. Chef ilifuata mwaka 2009, na Ansible ikatolewa na Michael DeHaan mwaka 2012. Ingawa zana hizi zinatofautiana kwa sura, zina fikra moja. Fundi hasimulii hatua za kufuatwa. Hueleza hali anayoitaka, na zana ndiyo inayotafuta njia ya kuifikia.

Tofauti hii inaelezeka vizuri zaidi kwa sarufi ya Kiswahili kuliko kwa istilahi za uhandisi. Amri ya zamani ilikuwa katika dhamira ya kuamrisha: "Unda hifadhidata." Maelezo ya zana hizi yako katika dhamira tegemezi: "Pawe na hifadhidata." Anayesema "unda" anataka tendo. Anayesema "pawe" anataka hali, na hali ikiwa tayari ipo, hakuna la kutenda. Ukimwambia mtoto "leta maji" mara tatu, utaletewa ndoo tatu. Ukimwambia "pawe na maji jikoni," atachungulia mtungi kwanza.

Tatizo huanza pale zana inayosema kwa "pawe" inapokutana na hifadhidata inayosikia kwa "unda." Lugha ya hifadhidata, iliyoasisiwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce mwaka 1974, imejaa vitenzi vya kuamrisha: unda, ingiza, badilisha, futa. Vitenzi hivyo havina subira. Sasa Puppet, kwa kawaida yake, hupitia maelezo yote kila baada ya dakika 30, yaani mara 48 kwa siku. Na ichukuliwe kwamba miongoni mwa maelezo hayo kuna amri tupu ya kuingiza mstari mmoja katika jedwali la malipo ya karo. Kufikia kesho saa kama hii, mwanafunzi aliyelipa mara moja ataonekana kuwa amelipa mara 48. Na kama amri hiyo ni ya kutoza, atakuwa na deni mara 48. Kuhusu amri ya kufuta, wahenga walikwisha kusema: maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sababu hiyo, mbele ya kila kitenzi cha kuamrisha huwekwa mlinzi. Mlinzi huyo ni swali fupi linaloulizwa kabla ya kitendo. Katika Puppet kuna walinzi wawili wanaotumika sana, nao wana majina ya Kiingereza: onlyif na unless. Wa kwanza huruhusu amri ipite ikiwa jibu la swali ni ndiyo. Wa pili huruhusu amri ipite isipokuwa jibu ni ndiyo. Kwa Kiswahili, wa kwanza ni "ikiwa" na wa pili ni "isipokuwa." Mlinzi akiwa mwema, amri yaweza kurudiwa mara mia na hali ikabaki ile ile iliyotakiwa. Akiwa mzembe, mfumo mzima huanguka, na aghalabu huanguka kimya kimya.

Maswali yanayodanganya

Uzembe wa mlinzi una sura kadhaa, na kila sura inafunza jambo kuhusu lugha.

Sura ya kwanza ni kuchanganya swali lililoulizwa na jibu lililopatikana. Programu katika mifumo ya jamii ya Unix, zikimaliza kazi, huacha nambari. Sufuri humaanisha kwamba kazi ilikwenda salama, na nambari nyingine yoyote humaanisha hitilafu. Mlinzi wa zana huisoma nambari hiyo kama jibu: sufuri ni ndiyo. Sasa fundi huituma programu ya psql iulize katika hifadhidata ya PostgreSQL: "Je, ipo hifadhidata yenye jina hili?" Psql huuliza, haioni mstari hata mmoja, hurudi na kuacha sufuri, kwa maana kazi yake ya kuuliza ilikwenda salama. Mlinzi huisikia sufuri na kuamini kwamba hifadhidata ipo. Amri ya kuunda inazuiwa, hifadhidata haiundwi, na taarifa ya siku inasema kwamba kila kitu ni shwari. Tarishi aliulizwa, "Umeuliza?" akajibu, "Ndiyo." Hakuna aliyemuuliza, "Umejibiwaje?" Dawa yake ni ndogo: jibu lenyewe lipitishwe katika chujio linalotafuta maandishi yaliyotarajiwa, na chujio hilo ndilo liachiwe kutoa ndiyo au la.

Sura ya pili ni kuuliza jina badala ya umbo. Katika MySQL fundi anaweza kuliweka sharti ndani ya amri yenyewe: unda jedwali hili ikiwa halipo. Sharti hilo hutazama jina peke yake. Likiwapo jedwali la zamani lenye jina lilo hilo, lakini lenye safu pungufu au za aina nyingine, hifadhidata hutosheka na jina na kuendelea na safari. Baadaye programu inayotegemea safu zisizokuwapo ndiyo inayolalamika, mbali na mahali kosa lilipotendeka.

Sura ya tatu ni kuuliza alama badala ya kitu. Fundi anayeona ugumu wa kuihoji hifadhidata huchagua njia ya mkato. Amri ikishatekelezwa, huandika faili dogo lenye maana ya "kazi imekwisha," na tangu siku hiyo mlinzi hulitazama faili hilo. Njia hii huenda salama mpaka siku diski yenye hifadhidata inapoharibika na kubadilishwa, ilhali faili la alama lipo kwenye diski nyingine. Mlinzi analiona faili na kusema kazi imekwisha. Hifadhidata haipo. Alama imekuwa na nguvu kuliko kitu ilichokuwa alama yake.

Sura ya nne ni pengo la wakati. Seva mbili zinauliza kwa pamoja kama mwanafunzi fulani amekwisha kuandikishwa. Zote zinajibiwa la, na zote zinamwandikisha. Kila moja iliuliza vyema na kujibiwa kweli, lakini kati ya swali na kitendo dunia ilibadilika. Kwa hiyo mafundi wenye busara hawamwachii mlinzi wa nje kazi yote. Huweka ndani ya hifadhidata yenyewe kanuni kwamba nambari ya usajili haiwezi kuonekana mara mbili. Tangu PostgreSQL 9.5, iliyotolewa Januari 2016, amri ya kuingiza mstari inaweza kubeba agizo kwamba ikigongana na mstari uliopo, isifanye lolote. Hapo swali na kitendo vimekuwa kitu kimoja, na pengo limezibwa.

Yote haya yana kiini kimoja. Mlinzi hulindwa na swali lake. Swali likiulizia tendo la kuuliza, au jina, au alama, au hali ya dakika iliyopita, amri itatekelezwa pasipofaa au itazuiwa panapofaa.

Daftari lililokataa kurekebishwa

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya vyumba vya seva peke yake. Hata hivyo, hifadhidata haikuanza na umeme. Daftari lolote lenye mistari, nambari na kanuni za kuingiza na kufuta ni hifadhidata, na katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru, hakuna daftari lililoandikiwa sharti zito kuliko daftari la ardhi.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotungwa wakati wa Hali ya Hatari, ulitaka ardhi ya Waafrika ipimwe, vipande vilivyotawanyika viunganishwe, na kila kipande kiandikwe kwa jina la mwenyewe. Kazi hiyo ilifika Embu na Meru kama ilivyofika kwingineko katika nyanda za juu, na katika sehemu za Tigania na Igembe ilichukua miongo mingi. Ardhi iliyokuwa ya ukoo, yenye haki za kulima, kulisha, kuteka maji na kupitia, ilitakiwa iingie katika mstari mmoja wenye nambari moja na, aghalabu, jina moja.

Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968 iliweka mlinzi kabla ya amri ya kusajili. Daftari la eneo lilipokamilika lilibandikwa mahali pa wazi, na mwenye pingamizi alipewa siku 60 kulitoa. Kwa lugha ya zana za usanidi, amri ilikuwa "sajili, isipokuwa kuna pingamizi." Ni mlinzi mwenye nia njema. Lakini aliulizia nini? Aliulizia kuwapo kwa pingamizi, hakuulizia kuwapo kwa haki. Mjane asiyeitwa barazani hakutoa pingamizi. Kijana aliyekuwa kibaruani mbali hakulisoma tangazo. Ndugu wadogo waliomwona kaka yao mkubwa akiandikwa kwa niaba ya nyumba nzima hawakuona sababu ya kupinga, kwa kuwa kwa mila yao lilikuwa jambo la kawaida. Kimya cha hawa wote kilisomwa kama ile sufuri ya psql: hakuna hitilafu, basi ndiyo.

Juu ya mlinzi huyo dhaifu, sheria ilipiga kufuli. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, sura ya 300 ya sheria za Kenya, kiliipa mahakama uwezo wa kuamuru daftari lirekebishwe pale usajili ulipopatikana kwa ulaghai au kwa kosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Neno hilo "isipokuwa" ndilo lililoamua hatima ya familia nyingi. Usajili wa pili na wa tatu ungeweza kufutwa. Usajili wa kwanza, uliofanyika wakati watu wengi hawajajua kalamu ya karani ina nguvu gani, haukuguswa. Palikuwa na hoja nyuma ya kanuni hii. Daftari linalobadilika kila siku haliaminiki, na asiyeliamini daftari hawezi kununua wala kukopa kwa dhamana ya ardhi. Hata hivyo, bei ya uthabiti huo ililipwa na wale ambao majina yao hayakuandikwa. Alama ilipewa nguvu kuliko kitu, kwa amri ya bunge.

Karani akimwandika kaka mkubwa peke yake, daftari huonyesha mmiliki mmoja kamili. Nyumbani, kaka huyo ni mshika amana wa baba yake na nduguze. Sheria iliruhusu mtu kuandikwa kuwa ni mdhamini, lakini mara nyingi neno hilo halikuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyeliona kuwa la lazima. Miaka ilipita, kaka akafa, wanawe wakachukua hatimiliki na kuwaambia wana wa baba zao wadogo wahame. Hatimiliki haikudanganya kuhusu yaliyoandikwa. Ilidanganya kuhusu ardhi.

Viambishi vinne na mizani ya haki

Hapa ndipo sarufi inaporudi na uzito wake. Kiswahili hakina aina moja ya sharti. Kina angalau nne zinazobebwa na viambishi, na kila moja ina msimamo wake kuhusu ukweli.

Kiambishi -ki- huacha mlango wazi. "Mwombaji akileta hati, msajili" haisemi kama ataleta au la. Kiambishi -sipo- ni upande wake wa kukanusha, kama katika "usipoziba ufa utajenga ukuta." Mashine hujua viwili hivi. Ikiwa na isipokuwa, ndiyo na la, sufuri na kinyume chake, hapo ndipo unapoishia msamiati wa mlinzi wa hifadhidata.

Hata katika viwili hivyo pana utata unaostahili kuangaliwa. Kiambishi -ki- hubeba sharti na wakati kwa pamoja. "Akifika, mpe chakula" yaweza kuwa na maana ya "iwapo atafika" au "mara atakapofika." Waundaji wa Ansible walijikwaa papo hapo kwa Kiingereza, wakachagua neno la wakati, when, kuwa jina la sharti. Kiswahili kina njia ya kuutatua utata huo. Sharti tupu lina "ikiwa," "iwapo" na "endapo," na wakati una kirejeshi -po-. Zana za usanidi zinavihitaji vyote viwili, kwa sababu kuna amri ya kutekelezwa endapo hali fulani ipo, na kuna amri ya kutekelezwa pale faili fulani linapobadilika. "Endapo usanidi si sahihi, urekebishe" si sawa na "usanidi unapobadilika, iwashe seva upya." Mwenye kutafsiri zana hizi akitumia -ki- kwa yote mawili, atakuwa ameutia utata pale ambapo lugha yake ilikuwa na mwangaza.

Kiambishi cha tatu, -nge-, huonyesha jambo linalofikirika lakini lisilo hakika: "Angeleta hati, angesajiliwa." Cha nne, -ngali-, hutazama nyuma na kukiri kwamba mlango umekwisha kufungwa: "Angalileta hati, angalisajiliwa." Wazungumzaji wengi wa leo hutumia -nge- pahali pa vyote viwili, na wako walimu waliochoka kusahihisha. Lakini tofauti hii si pambo la mitihani, na mfano wa kuithibitisha umetoka Meru.

Mwaka 2012 Sheria ya Usajili wa Ardhi iliifuta ile ya mwaka 1963. Kifungu chake cha 80 kinairuhusu mahakama kuamuru daftari lirekebishwe pale usajili ulipopatikana kwa ulaghai au kosa, na hakikuurudisha ule ubaguzi wa usajili wa kwanza. Kinamlinda mwenye kumiliki aliyeipata ardhi kwa malipo, mradi hakujua wala kushiriki katika hila. Kifungu cha 28 kinazitaja amana za kimila miongoni mwa haki zinazoifunga ardhi iliyosajiliwa hata kama hazikuandikwa katika daftari. Kisha mwezi wa Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya ikatoa uamuzi katika kesi ya ardhi iliyotoka Meru, ikieleza mambo ya kutazamwa ili amana ya kimila ithibitishwe. Je, kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi? Je, mdai ni wa familia, ukoo au kundi hilo? Je, uhusiano wake si wa mbali mno? Je, angalistahili kusajiliwa kuwa mmiliki kama si jambo fulani lililoingia kati? Je, aliyesajiliwa naye ni wa familia, ukoo au kundi lilo hilo? Mahakama ilisema pia kwamba si lazima mdai awe anaikalia ardhi hiyo.

Swali la nne ndilo la kutuliwa macho. Halikuuliza lililoandikwa. Halikuuliza hata lililotokea. Liliuliza lile ambalo lingalitokea, na kwa Kiswahili halina kiambishi kinachofaa kuliko -ngali-. Hakuna mlinzi wa hifadhidata awezaye kuliuliza. Hifadhidata inajua mistari iliyomo na isiyokuwamo, lakini haijui mstari uliostahili kuwamo kama si tangazo lisilosomwa au kama si kaka aliyeaminiwa. Swali hilo huulizwa na binadamu, kwa kuwasikiliza wazee na kutazama mipaka ya mashamba.

Wazee wa Ameru wanalijua hilo tangu kale. Huko Nchiru, ambako baraza la Njuri Ncheke lina makao yake na ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa, mila ya kiapo na elimu ya tarakilishi ni majirani wa karibu. Kiapo nacho ni amri yenye sharti: ikiwa nasema uongo, kiapo hiki kinile. Mlaji kiapo haulizwi kama ana karatasi. Anaulizwa kama anasema kweli, na anakuwa mlinzi wa swali lake mwenyewe.

Kazi iliyopo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili

Tarehe 27 Aprili 2021 serikali ya Kenya ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuhifadhi na kupekua habari za ardhi kwa njia ya mtandao, ikianzia Nairobi. Safari ya daftari la karatasi kuelekea hifadhidata ya tarakilishi imekwisha kuanza. Daftari za Embu na Meru zikiingizwa, kila mstari utapita mbele ya mlinzi. Ikiwa kipande hiki hakijaingizwa, kiingize. Ikiwa nambari mbili zinagongana, simama. Ikiwa mstari una zuio la mahakama, usiuguse. Masharti hayo yataandikwa na mafundi vijana, na baadhi yao huenda wakatoka katika vyuo vilivyo kando ya barabara hiyo ya Embu, Chuka na Meru.

Mafundi hao watahitaji mambo mawili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuwapa. La kwanza ni istilahi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu nzima yaweza kuzungumza Kiswahili wataalamu wa lugha na wa tarakilishi wakiketi meza moja. Lakini kazi ya namna hiyo ilishughulikia zaidi maneno anayoyaona mtumiaji katika kioo. Maneno ya fundi, kama vile mlinzi wa amri, hali inayotakiwa, au sifa ya amri kurudiwa bila kuzidisha matokeo, yanahitaji kuundwa kwa uangalifu uo huo. Msingi tayari upo katika sarufi: dhamira tegemezi kwa hali inayotakiwa, "endapo" kwa sharti, -po- kwa tukio.

La pili ni zito zaidi, nalo ni tabia ya kuhoji swali. Mwanafunzi wa lugha amefunzwa kuuliza sentensi ina maana gani kabla ya kuamini kwamba ni kweli. Anajua kwamba "hakuna aliyepinga" na "wote walikubali" ni sentensi mbili, hata kama karani ameziandika katika safu moja. Anajua kwamba "ameandikwa" na "anamiliki" ni vitenzi viwili. Fundi akimwonyesha sharti linaloulizia alama, yeye ndiye wa kumwonyesha kitu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba amri yenye sharti, iwe katika methali, katika zana ya usanidi au katika sheria ya ardhi, husimama au huanguka kwa swali lake. Hifadhidata huhitaji mlinzi kwa kuwa vitenzi vyake huamrisha pasipo kutazama. Mlinzi hukosea anapotosheka na sufuri, jina au alama. Daftari la ardhi lilitenda makosa ya aina hiyo hiyo kwa karatasi na wino, na ilichukua takriban nusu karne kwa sheria kukubali kwamba usajili wa kwanza nao waweza kuwa na kosa.

Jambo linalopendekezwa si kubwa kupita kiasi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Embu, Chuka na Meru viwaalike wenzao wa sayansi ya tarakilishi, hata kama ni mara moja kwa muhula, waandike pamoja masharti kumi ya hifadhidata kwa Kiswahili sanifu, kisha kila sharti liulizwe: linaulizia nini, na nani atakayeumia likijibiwa vibaya? Katika zoezi hilo mafundi watajifunza thamani ya -sipo-, na wanasarufi watagundua kwamba kiambishi walichokikariri kwa ajili ya mtihani ndicho kinachoamua kama shamba la mjane litaonekana katika daftari au halitaonekana. Wala mfumo wowote utakaoundwa usikose mlango wa mtu anayeweza kusikiliza sentensi yenye -ngali-, kwa kuwa sentensi hiyo bado haijapata mashine ya kuielewa. Kuuliza si ujinga, na kuuliza kilicho bora kuulizwa ni elimu yenyewe.